Mstari wa Mizani Tisa

Saa nne kasoro robo asubuhi, sauti ya kibodi katika chumba cha pili ilikatika ghafla.

Inspekta aliinua kichwa. Mama Chapa alikuwa amepiga chapa maelezo ya mashahidi kituoni hapo kwa miaka ishirini na miwili, na hakuwa na tabia ya kusimama katikati ya ukurasa. Kiti kilivutwa. Viatu vya kanda mbili vikaburuzwa kwenye korido. Mama Chapa akaingia bila kubisha, miwani ikiwa juu ya paji la uso, mkononi ameshika karatasi tatu.

"Nani aliandika maelezo haya?"

"Mimi," alisema Koplo kutoka pembeni, ambako alikuwa anatoboa jalada kwa pini. "Mwandiko wangu huujui leo?"

"Mwandiko naujua. Nauliza, uliandika walivyosema, au ulipanga mwenyewe?"

"Neno kwa neno. Tena waliniwahisha. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe."

"Ndiyo maana," alisema Mama Chapa, akavuta kiti bila kukaribishwa.

Jalada lile lilitakiwa mahakamani saa nane mchana. Siku tano kabla, fundi wa mitambo ya baridi alikutwa amekufa ndani ya chumba cha kugandishia nyama, katika ghala moja nyuma ya reli. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la nje. Wafanyakazi watatu, mpakiaji, mfagiaji na karani wa mizani, waliandikisha maelezo kila mmoja kwa wakati wake, na wote wakamtaja bawabu wa geti: ndiye aliyefunga mlango bila kuangalia kama kuna mtu. Bawabu, mzee wa miaka sitini na kitu, alikuwa mahabusu tangu jioni ya kesho yake. Alikana, basi. Hakuwa na shahidi hata mmoja. Kilichobaki ni kupiga chapa, kugonga mhuri na kumpandisha kizimbani kwa kosa la kuua bila kukusudia.

"Koplo, mwanangu, soma hapa," alisema Mama Chapa. "Kwa sauti."

Koplo alikohoa, akasoma maelezo ya mpakiaji. "Asubuhi saa tatu, tukiwa kazini kwetu, tulimwona fundi wetu akiingia ghalani. Alikuwa peke yake, begani mfuko wake, hakuwangoja wenzake, akazama mle ndani..."

"Umeona kichwa chako?"

"Kina nini?"

"Kinayumba. Unasoma maelezo ya polisi unatikisa kichwa kama uko arusini."

Koplo alikishika kichwa. Inspekta aliweka kalamu chini.

"Sema unachotaka kusema, Mama Chapa. Muda hatuna."

"Ninachosema ni kwamba haya ni mashairi. Yana mizani."

"Mizani ya ghalani, ile ya kupimia nyama?" Koplo aliuliza.

"Mizani ya shairi, wewe! Silabi. Kila silabi ni mizani moja. Angalia." Akaanza kugonga ukingo wa meza kwa vidole, kidole kimoja kwa kila pigo. "A-su-bu-hi-sa-a-ta-tu. Ngapi?"

"Nane."

"Tu-ki-wa-ka-zi-ni-kwe-tu. Nane. Tu-li-mwo-na-fu-ndi-we-tu. Nane. A-ki-i-ngi-a-gha-la-ni. Nane tena. Mistari mitatu inaishia na *tu*, wa nne unaishia na *ni*. Nenda kifungu cha pili: *ke, ke, ke*, halafu *ni*. Huo ni utenzi. Mimi nikiletewa kazi ya kutunga salamu za arusi huwa natumia mtindo huo huo, kwa sababu watu wanaushika haraka. Koplo aliuandika kwa mstari mrefu bila kukata, ndiyo maana jicho halikuona. Vidole vyangu ndivyo vilivyoona."

Inspekta alizichukua zile karatasi tatu, akazipanga ubavu kwa ubavu. Aliwahi kuona kwamba zinafanana. Mashahidi walioona kitu kimoja huweza kufanana. Sasa alifuata kwa ncha ya kalamu, silabi kwa silabi, midomo ikicheza.

"Sentensi moja ikiangukia nane, ni bahati," alisema taratibu. "Sentensi kumi na mbili, kwa watu watatu..."

"Wametungiwa," alimaliza Mama Chapa. "Utenzi ukishaukariri, neno halipotei. Likipotea unasikia pengo."

Koplo alikuwa ameacha kutoboa. "Afande, mimi niliwaandika kila mmoja peke yake. Naapa."

"Hakuna anayekulaumu. Kifungu cha tatu." Inspekta alikuwa amefika penye jina la bawabu. Aligonga meza kwa vidole, akasita, akarudia. "Bawabu akaja kufunga. Ba-wa-bu-a-ka-ja-ku-fu-nga. Tisa."

"Ndiyo iliyonitoa kwenye kiti," alisema Mama Chapa. "Mistari kumi na mmoja iko sawa, mmoja umezidi. Tena umezidi kwa wote watatu, mahali hapo hapo. Ulimi wa mtu mmoja unaweza kuteleza. Ndimi za watu watatu haziwezi kuteleza kwenye neno moja."

Aliwasomea kifungu chote: "Bawabu akaja kufunga, mlango bila kuchunga, komeo akaligonga, akarudi kibandani."

"Kwa hiyo pana neno limechomekwa," alisema Inspekta.

"Ukitoa *bawabu* zinabaki sita. Mwanzo palikaa neno la mizani mbili."

Koplo alirukia. "Fundi! Fu-ndi. Mbili. Fundi akaja kufunga. Alijifungia mwenyewe!"

"Kwa komeo la nje?" Inspekta aliuliza.

Koplo alirudi kwenye kiti chake.

"Meneja wa ghala?" Inspekta aliuliza tena.

"Me-ne-ja." Mama Chapa alionyesha vidole vitatu. "Sawa na bawabu. Ingekuwa yeye, mstari ungebaki na nane na mimi ningekuwa bado napiga chapa."

"Karani nayo ni tatu," Koplo alisema, akihesabu mapajani. "Mpakiaji... tano. Mfagiaji tano."

Inspekta alitazama saa ya ukutani, akachukua kofia.

"Mama Chapa, usiyapige hayo. Simu yako iwe karibu. Koplo, gari."

*

Ghala lilikuwa jengo refu la mabati meupe. Ndani, mapazia ya plastiki nzito yalining'inia kwenye kila mlango, na kila pazia likifunguliwa mvuke ulitoka chini kwa chini ukawapita watu miguuni. Sakafu ilikuwa imelowa. Wanaume wenye buti za mpira walisukuma mikokoteni bila kuongea. Walipoiona sare ya Koplo wakaangalia chini.

Meneja aliwapokea mwenyewe. Alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi hadi mikono, sauti ya upole.

"Mzee wetu ameshapelekwa mahakamani?"

"Saa nane."

"Maskini. Umri nao. Anasahau sana siku hizi." Akatikisa kichwa. "Niwasaidie nini?"

"Siku ile ulikuwa wapi?"

"Ofisini. Nilikuwa na wageni wa makao makuu, walikuja kukagua vipimajoto. Saa tatu na nusu mpaka saa saba. Nimeshaandikisha."

Jibu lilikuwa limenyooka. Inspekta alikuwa anaangalia ubao wa matangazo nyuma ya bega lake. Katikati, ndani ya fremu, palikuwa na karatasi iliyopambwa kwa maua ya kompyuta.

*Mfanyakazi vaa kofia,*
*na glovu zako usizisahau kamwe ewe sikia,*
*usalama kwanza, nakuusia.*

"Nani mtunzi hapa kwenu?"

"Hiyo? Ni mimi." Meneja aliona haya kidogo, ya furaha. "Najaribu jaribu. Kwenye hafla za kuagana huwa wananiomba niseme mawili matatu."

Koplo alimtazama Inspekta. Macho yake yalisema: tumempata. Inspekta alikuwa ameingiza mkono mfukoni mwa koti, na vidole vilikuwa vinagonga paja. Kumi. Kumi na nane. Kumi na moja. Alirudia kuhesabu ule wa pili, akapata kumi na nane tena.

"Unapenda vina," alisema.

"Shairi ni vina, Inspekta."

"Naomba chumba cha kuongea na mpakiaji."

Walipokuwa wakielekea chumba cha kubadilishia nguo, Koplo alinong'ona. "Afande, si huyu? Anatunga, na amekiri."

"Huyu anasikia miisho tu. Aliyetunga ule utenzi hana silabi moja inayopwaya. Mtu anayeandika mstari wa kumi akaufuatisha wa kumi na nane hawezi kupanga nane kumi na mbili mfululizo. Mtunzi ni mwingine. Na *meneja* bado ni mizani tatu."

"Basi ameponea."

Mlango wa upande wa pili ulifunguliwa. Mwanamke mwenye ufagio wa mpira alitoa kichwa, akaita kuelekea kwenye mikokoteni, "We! Acha hayo, unaitwa na Bosi!"

Inspekta alisimama. Koplo naye alisimama, mguu mmoja hewani.

"Bo-si," alisema Koplo kwa sauti ya chini, akakunja vidole viwili.

"Wanamwitaje meneja wao hapa?" Inspekta alimuuliza yule mwanamke. Alikuwa ndiye mfagiaji, shahidi wa pili.

Mwanamke aliwatazama, akatazama sakafu. "Bosi," alisema. "Kila mtu anamwita Bosi." Akarudi ndani haraka, ufagio ukagonga fremu ya mlango.

*

Mpakiaji alikuwa jitu la mtu, na benchi la chumba cha kubadilishia nguo lililia alipokaa. Vidole vyake viwili vilikuwa vimefungwa plasta. Inspekta hakukaa.

"Nieleze tena ulichoona."

"Nilishaeleza, Afande."

"Nieleze tena."

Mpakiaji alivuta pumzi. "Asubuhi saa tatu, tukiwa kazini kwetu, tulimwona fundi wetu akiingia ghalani. Alikuwa peke yake, begani mfuko wake..."

"Bega lipi?"

"Eh?"

"Mfuko. Bega la kulia au la kushoto?"

Mpakiaji alifungua mdomo, akaufunga. "Begani," alisema.

"Ulikuwa mfuko wa rangi gani?"

"Alikuwa peke yake, begani mfuko wake, hakuwangoja wenzake..."

"Sikukuuliza wenzake. Haya, anza pale palipofungwa komeo."

Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na chumba kilikuwa cha baridi. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Alikuwa anarudi mwanzo, anapita njia yote ili afike pale alipoambiwa aanzie.

"Ulikuwepo au hukuwepo?" Inspekta alisogea. "Mtu amekufa, na mtu mwingine anapanda kizimbani saa nane. Saa hizi ni saa sita kasoro. Sema haraka, komeo lilifungwaje?"

"Akaja kufunga, mlango bila kuchunga, komeo akaligonga, akarudi ofisini..."

Kalamu ya Koplo ilisimama.

"Wapi?" Inspekta aliuliza.

"Kibandani."

"Umesema ofisini."

"Nilitaka kusema kibandani, Afande. Ulimi tu."

"Bawabu ana ofisi?"

Mpakiaji aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Ofisini inatosha mizani sawasawa na kibandani," alisema Inspekta. "Nne kwa nne, tena mwisho ule ule. Hapo hamkupata tabu kubadilisha. Tabu mliipata kwenye jina. Nani aliwatungia?"

"Hakuna mtu." Lakini jicho lilikuwa limeshakimbia. Lilipita juu ya bega la Inspekta, likapenya pazia la plastiki, likatua upande wa pili kwenye kijumba cha vioo kilichosimama kando ya mizani kubwa ya sakafuni.

*

Karani wa mizani alikuwa mwembamba, wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Alikuwa anapima mkokoteni. Alisoma tarakimu, akachapa tiketi, akamkabidhi msukuma mkokoteni, ndipo akageuka.

"Karibuni. Samahani, ni padogo."

Inspekta alisimama mlangoni mwa kile kijumba, akaziba njia. Ukutani, kwenye msumari, zilitungwa tiketi zilizoharibika. Alizitoa, akaanza kuzipindua moja moja. Nyingi zilikuwa tupu nyuma. Ya sita haikuwa tupu.

*Barafu chini*
*nyayo zake zangoja*
*mlango kimya*

Mbele ilikuwa na tarehe ya siku aliyokufa fundi. Saa saba na dakika arobaini. Maiti ilikuwa imekutwa nusu saa kabla.

Alihesabu kwa vidole, wazi wazi safari hii. Kisha akatoa simu. "Mama Chapa. Mistari mitatu. Tano, saba, tano. Haina kina hata kimoja."

Sauti ya Mama Chapa ilisikika hadi kwa Koplo. "Hiyo ni haiku. Ilitoka ng'ambo, vijana wa siku hizi wanaipenda. Haijali vina, inajali hesabu tu. Kwa bahati tu hutapata tano, saba, tano. Aliyeandika hiyo anahesabu, Inspekta. Usimwache."

Inspekta alikata simu, akaiweka tiketi juu ya meza.

"Bosi akaja kufunga," alisema. "Nane."

Karani alivua miwani, ikaning'inia kifuani. Nje ya kioo mkokoteni wa pili ulikuwa umeshafika unangoja kupimwa.

"Nilijua kuna mtu atahesabu," alisema mwishowe.

"Ulitunga lini?"

"Siku ile ile jioni. Tulikuwa kule tunakobadilishia nguo, wenzangu wanalia, hakuna anayejua aseme nini. Mimi nikiumia huwa natunga, ndivyo nilivyo. Nikawatungia. Kabla hatujatoka kwenda nyumbani walikuwa wameshaushika wote."

"Wenye jina la Bosi."

"Wenye jina la Bosi."

"Halafu?"

"Kesho yake asubuhi alitukuta tunausema. Alisimama pale mlangoni akasikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atatufukuza. Akasema, mzuri sana. Akasema polisi wakija semeni hivyo hivyo, badilisheni tu jina, na pale pa kurudi. Akaanza kutaja watoto wetu, mmoja mmoja, na shule wanazosoma. Hata sijui alizijuaje."

"Ukabadilisha."

"Jina alilichomeka yeye mwenyewe. Bawabu akaja kufunga. Akaniuliza, imekaa sawa? Nikamwambia, imekaa sawa. Ilikuwa inachechemea, Inspekta. Ningesema *Bawabu akaufunga*, ikanyooka, ikawa nane, wala nisingetumia dakika. Sikuinyoosha. Niliiacha vile ili mwenye masikio asikie."

Inspekta alizirudisha tiketi zile nyingine msumarini.

"Mzee amelala sakafuni siku nne," alisema. "Wewe unangoja mwenye masikio."

Karani alishusha macho kwenye ile tiketi mezani.

"Na kama mpiga chapa wetu angekuwa anaumwa leo?"

"Nisamehe."

"Mimi siye wa kusamehe. Koplo, fungua ukurasa mpya. Utaeleza upya, na sitaki utenzi. Sema kama mtu anavyosema."

"Asubuhi saa tatu," alianza karani, "tukiwa kazini..." Akanyamaza. Alijaribu tena, akaangukia pale pale. Akashika kingo za meza kwa mikono miwili.

"Sema kitu ambacho hamkukitia ndani," alisema Inspekta.

Hapo uso wa karani uliharibika.

"Aligonga," alisema.

Koplo aliinua macho kutoka kwenye daftari.

"Fundi. Aligonga mlango. Bosi mwenyewe ndiye aliyemwita aje atengeneze kishikio cha ndani, kilikuwa kimekatika tangu... sijui, muda. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo ili yeye afanye kazi. Bosi akapita, wageni wanakuja, akaona joto linapanda kwenye kipimo. Akafunga. Hata hakuchungulia. Halafu ndiyo tukasikia. Mimi, na mpakiaji, na huyu mama wa ufagio. Tukaenda, tukamwambia Bosi, kuna mtu anagonga. Akasema ni mabomba, yanagonga yakipata baridi. Tukasema Bosi, fundi hatujamwona akitoka. Akasema ametoka, nimemwona mimi, na mlango haufunguliwi mpaka wageni waondoke."

"Mkarudi kazini."

"Tukarudi kazini. Mimi nilipima mikokoteni. Bado alikuwa anagonga. Komeo liko nje, unalivuta tu, halina hata kufuli. Ni hatua labda ishirini kutoka hapa nilipokaa."

"Aligonga kwa muda gani?"

"Sijui. Ikawa kidogo kidogo. Nikajiambia, ni mabomba." Alikuwa analia sasa bila kujifuta. "Saa saba wageni wakaondoka, tukakimbia wote watatu. Alikuwa amekaa chini pale pale mlangoni."

Nyuma ya Koplo, pazia la plastiki lilisogea. Mfagiaji alikuwa amesimama hapo, na mpakiaji nyuma yake. Haikujulikana wamekuwepo tangu lini. Mwanamke aliuegemeza ufagio ukutani.

"Niandike na mimi," alimwambia Koplo. "Safari hii yangu mwenyewe."

*

Saa saba na dakika ishirini Inspekta aliingia ofisini kwa meneja. Meneja alikuwa amesimama dirishani, kutoka pale aliweza kuona kijumba cha vioo na watu watatu waliojazana humo.

"Inspekta, hawa watu ni waongo. Mmoja anajiita mtunzi..."

"Ulisema mlango haufunguliwi mpaka wageni waondoke?"

"Joto likipanda, nyama yote inakataliwa. Wewe hujui kazi hii."

"Ulisema au hukusema?"

"Nilidhani ni mabomba!"

"Basi uliisikia sauti," alisema Inspekta. "Kwenye maelezo yako uliandikisha kwamba hukusikia kitu. Vaa koti lako."

Meneja alivaa koti. Koplo alimshika mkono juu ya kiwiko, na wafanyakazi wakasimamisha mikokoteni yao wakamtazama akipita.

Inspekta alimpigia mwendesha mashtaka akiwa ndani ya gari. Ilibidi apige mara tatu. Saa nane kasoro dakika tano, jina la bawabu liliondolewa kwenye orodha ya siku hiyo, na saa tisa na robo mzee alisainishwa, akarudishiwa mkanda na kofia yake.

"Wamesema?" aliuliza.

"Wamesema wote watatu."

Mzee alihangaika na tundu la mkanda. Alikuwa amekonda hata kwa siku nne. "Binti yangu atakuja kunichukua jioni," alisema. "Lakini kabla ya hapo, mwanangu, nina ombi. Siku niliyokamatwa, mke wa fundi alikuwepo getini. Alinilaani mbele ya watu. Nataka nikamwone, ila siwezi kwenda peke yangu."

Inspekta alifikiria jalada lililokuwa linamngoja mezani. "Twende," alisema.

Chumba cha mjane kilikuwa cha mwisho kwenye safu ya vyumba sita. Nje, kwenye kamba, ovaroli ya bluu ilikuwa imeanikwa, bado inadondosha maji. Mjane alikuwa ameketi kizingitini. Alipomwona bawabu alisimama, akaziba mlango kwa mwili wake wote.

"Huyu mmemtoa kwa nini?"

"Hakuwa yeye, dada," alisema Inspekta. "Meneja ndiye aliyefunga mlango. Tumemkamata mchana huu. Mashahidi walidanganya, leo wamesema ukweli."

Mjane alimtazama Inspekta, kisha yule mzee, kisha Inspekta tena.

"Mume wangu aliita?"

Inspekta angeweza kusema kwamba uchunguzi unaendelea. "Aligonga mlango," alisema.

"Kuna aliyemsikia?"

"Watu watatu walimsikia. Walimwambia meneja, akawakataza kufungua. Wakatii."

Kitu kilimpita mwanamke usoni. Alishika fremu ya mlango. Inspekta alisogea, lakini mjane alitikisa kichwa, akabaki amesimama kwa miguu yake. Alipozungumza tena hakuwa anamwangalia yeye.

"Na wewe? Ulikuwa wapi?"

"Getini, mwanangu," alisema bawabu. Alikuwa ameivua kofia, ameishika kifuani. "Geti liko mbali, na malori yalikuwa yananguruma. Sikusikia. Wallahi ningesikia ningefungua, hata wangenifukuza kazi."

Mjane aliitazama ile kofia. Kisha aliingia ndani, wakamsikia akisogeza vitu. Alirudi na kigoda, akakiweka kivulini, akakifuta kwa upande wa kanga yake.

"Kaa, baba," alisema. "Umesimama muda mrefu."